Weka Sensa Kabla ya Turbo, Ama Uache Kumkata Dereva Mshahara

Wasee, nitasema hii kitu wazi halafu mkuje kwa komenti mnitukane vile mnataka.

Mwenye lori ya dizeli ambaye hajaweka geji ya joto la moshi hana haki ya kumwambia dereva "umenichomea injini". Hana. Na yule ameweka geji, lakini sensa yake imefungwa nyuma ya turbo kwa sababu fundi aliogopa kutoboa manifoldi, huyo pia hana. Huyo amenunua saa inayochelewa na bado anataka kufuta watu kazi kwa kuchelewa.

(Na kabla hujauliza: turbo ninayoongelea ni ile ya injini. Si Turbo ule mji wa kuelekea Malaba.)

Mbona mimi wa Kimumu ninaingilia maneno ya lori? Kwa sababu Kimumu iko kwa barabara ya Iten, na hii barabara haina siri. Mahindi, mbao, mawe, mchanga, maembe ya Kerio msimu ukifika, yote inapita hapa kwa stage. Simama hapo nusu saa tu uhesabu. Utaona lori imewekwa taa kama harusi, honi ya kuamsha wafu, stika za Arsenal, spika mbili nyuma ya kiti. Panda ndani uangalie dashibodi: geji ya maji, geji ya mafuta, spidi. Kitu cha kukuambia moto uko aje ndani ya injini? Hakuna.

Halafu stori ya mtaa ni ile ile kila mara. Injini imekufa kwa mlima. Pistoni imeyeyuka. Mwenye lori amekuja na hasira, amefuta dereva, ama amesema "utalipa pole pole kwa mshahara". Na sisi tunaskia hiyo stori, tunasema "pole", tunaendelea na maisha. Mimi nimechoka kusema pole.

GEJI YA MAJI HAIKWAMBII UKWELI

Wengi watasema: "Lakini kuna geji ya joto tayari." Iko, lakini hiyo inapima maji. Maji ya radieta ni mengi, yanazunguka, yana feni na thamostati. Yanapanda joto pole pole. Unaweza kuwa na maji ya digrii 90, mshale umetulia katikati kama mzee kanisani, na huku juu ya pistoni kuna moto unakula chuma.

Moshi hauchelewi hivyo. Moshi unatoka kwa silinda moja kwa moja. Ukikanyaga mafuta, joto lake linapanda ndani ya sekunde chache. Ukitoa mguu, linashuka vile vile. Ukitaka kujua jiko lina moto kiasi gani, huwezi kupima maji ya sufuria ukangoja yachemke. Unaangalia makaa.

Kuna mse aliniandikia ati mtu aliyeacha chuo asifundishe watu mambo ya injini. Sawa, usiniamini mimi. Amini aluminiamu. Aluminiamu inayeyuka kwa digrii 660. Pistoni nyingi za dizeli za hizi lori zetu ni za aloi ya aluminiamu, na aloi huanza kulegea mapema kabla ya kufika hapo. Kwa siku ya kawaida pistoni haifiki joto la moshi, kwa sababu hewa baridi inaingia kila mzunguko na oili inaipoza kutoka chini. Lakini ukipanda mlima dakika kumi na moshi umekaa juu, oili inashindwa na kazi. Kanuni ambayo mafundi wa dizeli wamezoea ni hii: moshi kabla ya turbo usikae juu ya digrii 700 hivi kwa muda mrefu. Kupita hapo kidogo ukiovateki si kifo. Kukaa hapo mlima wote ndio kifo.

Na dizeli si petroli. Wale mmesoma petroli mnajua mafuta yakipungua sana ndio injini inachoma. Kwa dizeli ni kinyume: mafuta yakizidi hewa, joto linapanda. Ule moshi mweusi mnaoshangilia kwa TikTok ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kutosha. Mnapigia makofi lori ambayo inajipika.

HII MILIMA YETU INAIBA HEWA

Sasa angalia mahali tunaishi. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari. Iten ni kama 2,400. Timboroa inapita 2,700. Presha ya hewa hapa mjini ni kama moja ya tano chini ya ile ya Mombasa. Ukifika Iten imepungua karibu robo.

Hiyo ndio sababu wanariadha wa dunia yote wanakuja Iten. Hewa ni nyepesi, mwili unalazimika kujifunza kuishi na kidogo. Mwanariadha akifika, kocha anampunguzia mazoezi wiki ya kwanza ili azoee. Lori inatoka Mombasa ikiwa imejaa, inafika Timboroa, inaambiwa vuta vile vile. Hakuna kocha, hakuna hata saa ya kupima mapigo ya moyo.

Turbo inasaidia, ndio. Inazunguka kwa kasi zaidi kuleta hewa. Lakini nayo iko na mwisho wake. Na injini za kompyuta zina akili kidogo, zinapima hewa na kupunguza dizeli. Shida ni zile lori za pampu ya zamani, ambazo bado ni nyingi kwa hizi barabara. Pampu nyingi za hivyo hazijui kama ziko Mtwapa ama Timboroa. Zinamwaga dizeli ile ile kwa hewa iliyopungua. Hesabu ya hapo hata mtoto wa darasa la nne anaweza.

Chukua barabara yetu hii. Lori imeshuka Kerio kupakia maembe. Kurudi inapanda kupitia Tambach mpaka Iten, zaidi ya mita elfu moja kwenda juu, kona juu ya kona, gia ya pili, gia ya tatu, jua la bonde likichoma chini na hewa ikipungua juu. Ukitafuta mahali pa kuua injini ya dizeli Kenya hii, hiyo ni moja ya zile nzuri. Halafu dereva akifika juu Iten, mahali pa kwanza tambarare, anazima injini papo hapo anywe chai. Turbo bado iko moto sana, oili imesimama ndani yake, inaungua na kugeuka masizi kwa beringi. Miezi michache baadaye turbo inaanza kulia. Nani analaumiwa? Dereva. Nani alimpa kitu cha kumwonyesha kwamba turbo bado ina moto? Hakuna.

Geji ingemwambia: ngoja, bado uko 400. Acha ingurume taratibu mpaka ishuke chini ya 200, ndio uzime. Ni dakika mbili tatu tu. Chai ya Iten haiishi.

WALIOFUNGUA PAMPU NI AKINA NANI?

Hapa ndio wenye lori hawapendi nikifika. Kuna utamaduni mtaani wa "kufungua pampu". Lori imechoka, haivuti kama zamani, mwenye lori anaenda kwa fundi, fundi anazungusha skrubu, dizeli inaongezeka. Lori inavuta! Kila mtu anafurahi. Noozo ni za zamani, chujio la hewa limejaa vumbi la kiangazi, mzigo umezidi, na sasa dizeli imeongezwa juu ya hayo yote.

Wengine watasema: "Kiwanda hakikuweka hiyo geji, basi haihitajiki." Buda, kiwanda kilipima dizeli yake kwa injini mpya, chujio safi na mzigo uliokubaliwa. Wewe umebadilisha vyote vitatu. Huwezi kuvunja mkataba wa kiwanda halafu ujifiche nyuma yake. Na kwa taarifa yako, lori za kisasa zenye chujio la masizi kwa eksozi zinakuja na sensa za joto la moshi kutoka kiwandani. Kiwanda chenyewe kilishakubali kwamba hiyo joto ni ya kupimwa. Ni wewe ndio umebaki.

Sasa sikia sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa uharibifu wa mali yake, lakini kiasi cha haki tu, na uharibifu uwe umetokana na mfanyakazi kukosea kwa makusudi. Soma tena hilo neno: makusudi. Na hata hapo, makato yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara.

Haya, niambie. Dereva hana geji. Maji yalikuwa sawa. Oili ilikuwa sawa. Pampu ilifunguliwa na fundi uliyemlipa wewe. Mzigo ulipakiwa ukiwa umesimama hapo unahesabu magunia. Hayo makusudi yake yako wapi? Utamwonyesha hakimu nini, hasira yako?

Kwangu hii geji ni ushahidi, si kifaa cha magari ya mashindano. Iko hapo ili dereva ajue, na mwenye lori ajue kwamba dereva alijua. Ikiwekwa na dereva akapuuza mshale kwa nusu saa, basi mwenye lori ana neno la kusema, na mimi nitakaa upande wake. Mpaka hiyo siku, nitakaa upande wa dereva na tanboi wake.

SASA HII MAMBO YA NYUMA YA TURBO

Mafundi wangu, nawapenda, lakini hapa tutagombana.

Fundi akiambiwa aweke sensa, njia rahisi ni kutoboa bomba la eksozi baada ya turbo. Bomba ni jembamba, liko wazi, ukikosea vipande vinatoka nje na moshi. Dakika ishirini umemaliza, umelipwa. Shida ni kwamba hapo unapima moshi uliokwisha kufanya kazi. Turbo inazungushwa na nguvu ya huo moshi, na nguvu ikitoka, joto linashuka. Injini ikivuta mzigo mzito, tofauti ya kabla na baada inaweza kupita digrii 100, hata ikakaribia 200. Geji inasema 550, dereva anatulia, na kwa manifoldi iko 700.

Kuna fundi atakuambia, "Si unaongeza tu mia moja kichwani?" Hapana. Hiyo tofauti haisimami mahali pamoja. Lori ikiwa tupu kwa tambarare ni ndogo, ikiwa imejaa kwa mlima ni kubwa. Yaani geji inakosea zaidi wakati ule ule unaihitaji zaidi. Dereva anafaa kupiga hesabu gani akiwa kona ya Tambach na tani kadhaa mgongoni?

Hoja yao ya pili ni ya maana, na siwezi kuidharau: ukitoboa manifoldi, vipande vya chuma vinaweza kuingia kwa turbo, na panga za turbo zinazunguka kwa kasi isiyo na mchezo. Kipande kimoja kinaziharibu. Kweli kabisa. Lakini jibu la hiyo ni kufungua manifoldi, si kutoboa mahali pengine. Itoe, iweke mezani, toboa, safisha, rudisha na gasketi mpya. Ni kazi ya siku badala ya dakika ishirini. Mwenye lori, lipa hiyo siku. Umelipa stika.

Najua kuna wanaotoboa manifoldi ikiwa juu ya injini: grisi nyingi kwa biti ishike vipande, sumaku ya kuvuta kilichobaki, wengine wanawasha injini mwishoni ati moshi usukume vipande nje. Kuna walioponea hivyo. Lakini ukishaona watu wanasema "mimi nilifanya na hakuna kitu kilitokea", jua hao ni wale hakuna kitu kilitokea. Wale kilitokea hawako kwa mazungumzo, wako dukani wakiulizia bei ya turbo.

Hoja ya tatu: "Ncha ya sensa itavunjika iingie kwa turbo." Inaweza, kama ni ya bei ya kutupa. Nunua ile yenye ncha iliyofunikwa na ala ya chuma kisichoshika kutu, ya aina ya K, inayoweza kuvumilia zaidi ya digrii 1,000. Hii si sehemu ya kubana senti.

KAZI YENYEWE, KWA UFUPI

Siandiki hii ili uende ukatoboe lori ya mjomba wako leo jioni. Naandika ili ukisimama kwa gereji ujue kama unafanyiwa kazi ama unafanyiwa mchezo.

Mahali: pale silinda zote zinakutana, kabla tu ya mlango wa turbo. Kama manifoldi imegawanywa mbili, jua kwamba utaona nusu moja tu ya silinda. Kama lori haina turbo, bado ni pale moshi wote unakutana.

Shimo: sensa nyingi zina uzi wa bomba wa moja ya nane ya inchi. Biti ya karibu milimita 8.5, kisha tapu ya huo uzi, pole pole, ukirudisha nyuma kila baada ya zungusho ili isikwame. Manifoldi nyingi ni chuma cha kumimina, chuma kigumu chenye kuvunjika. Ukilazimisha, kitapasuka.

Kina: ncha ifike katikati ya njia ya moshi. Ikigusa ukuta inapima joto la chuma, si la moshi.

Waya: hapa ndio mafundi wa umeme wanaharibu. Hii sensa inaitwa themokapo. Ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, na joto linazalisha umeme kidogo sana, jambo aliloligundua Thomas Johann Seebeck mwaka 1821. Kwa aina ya K ni kama sehemu 41 za milioni ya volti kwa kila digrii. Umeme mdogo hivyo hautaki utani. Ukiongeza urefu kwa waya wa shaba wa kawaida uliosokotwa na kufungwa tepu juu ya injini yenye moto, umeongeza kosa. Waya wa kurefusha uwe wa aina ile ile ya K. Na angalia rangi: kwa mtindo wa Marekani, njano ndiyo chanya na nyekundu ndiyo hasi. Fundi aliyezoea nyekundu kuwa chanya ataigeuza, na utaona maajabu: ukikanyaga mafuta, mshale unashuka.

Mwisho, geji ikae mahali dereva anaona bila kugeuza shingo. Si chini karibu na breki ya mkono.

Na dereva afundishwe cha kufanya. Mshale ukikaribia 700 kwa mlima, shusha gia na upunguze mguu. Injini ikizunguka kwa kasi zaidi inavuta hewa zaidi, na kila pigo linapata dizeli kidogo. Utachelewa Iten dakika kumi. Maembe hayataoza.

KWA HIVYO

Wenye lori: piga hesabu wenyewe. Upande mmoja weka sensa, geji, waya, gasketi na fundi wa siku moja. Upande wa pili weka pistoni, kufungua kichwa cha injini, turbo, na lori kulala wiki kadhaa msimu wa mavuno, mahindi yakingoja. Usiniambie huoni upande gani ni mzito.

Mafundi: mwenye lori akisema "weka tu hapo nyuma, ni sawa", mwambieni si sawa. Akikataa, mwandikie kwa risiti kwamba sensa iko baada ya turbo kwa agizo lake. Siku injini ikikufa, hiyo karatasi itamwokoa mtu.

Madereva, wakubwa wangu: kabla hujashika funguo ya lori mpya, uliza maswali matatu. Pampu imefunguliwa? Geji ya moshi iko? Sensa iko kabla ama baada ya turbo? Wakikucheka, piga picha dashibodi siku ya kwanza na uweke hiyo picha vizuri. Siku ya makato, itoe.

Na nyinyi wa rika langu mnaoshangilia moshi mweusi kwa simu: kuna mtu analipa huo moshi kwa mshahara wake, na hajawahi kuwa kwa video yenu.

Komenti ziko wazi. Fundi mwenye hoja nzuri ya kuweka nyuma ya turbo, njoo. Lakini njoo na namba za kabla na baada, lori ikiwa imejaa, ikipanda Tambach. "Mimi nimefanya miaka ishirini" si namba.